Kuratibu si Kusimamia

Mwaka 2022 nchi sita za Afrika, yaani Misri, Kenya, Moritania, Moroko, Namibia na Afrika Kusini, ziliunda chombo cha pamoja cha kuharakisha uzalishaji wa haidrojeni ya kijani. Mwaka uliofuata Kenya ilizindua mkakati wake wa taifa. Nyaraka za namna hii zifikapo mezani kwa mfasiri, yako maneno yanayostahili kupimwa.

"Haidrojeni ya kijani" twaikubali. Gesi yenyewe haina rangi. Kijani hapa ni sifa ya chimbuko lake, kwani hupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa jua, upepo, maporomoko au jotoardhi, kama lile la Olkaria. Ile itokanayo na gesi asilia, hewa ya ukaa ikaachwa ipotelee angani, huitwa ya kijivu. (Wapo wapendao "chanikiwiti". Nasi twalipenda neno hilo, ila libaki kwenye kanga.)

Taabu kubwa imo katika kitenzi. Kilo moja ya haidrojeni yahitaji takriban uniti 50 za umeme na maji yasiyopungua kilo 9. Mwenye mtambo wa umeme humsubiri mnunuzi. Mwenye kiwanda cha mbolea, aichanganyaye haidrojeni na naitrojeni apate amonia, husubiri bei. Mamlaka ya maji na ya bandari nazo husubiri kuambiwa. Kila mmoja ana sheria yake na bajeti yake. Hapa hatakiwi wa kuamuru, bali wa kupanga nani aanze na nani afuate. Huko ndiko kuratibu, neno lenye shina moja na ratiba. Mfasiri akiandika "kusimamia", amekipa chombo mamlaka ambayo mkataba haukukipa, na ofisa wa maji ana haki ya kuuliza amepata lini mkubwa mpya.

Vivyo hivyo "muungano". Kwa msomaji wa Tanzania neno hili ni la 1964, dola mbili kuwa moja. Nchi sita zile hazikufanya hivyo. "Ushirika" nao wakulima wa kahawa na pamba wamekwisha kuumiliki. Twapendekeza "ushirikiano", ingawa ni refu.

Mtambo wenyewe utenganishao maji bado hatujaupatia jina la kuturidhisha. "Elektrolaiza" hutamkika, lakini haimwelezi kitu mwanafunzi. "Kitenganisha-maji" humweleza, lakini fundi wa bomba atadhani ni chujio. Walimu wa kemia watuandikie.