Joto na ubaridi wa banda: piga hesabu hii kabla ya kulipia mfumo

Vijana wa Kasulu na Kibondo. Tangu kiangazi kianze, swali linalonifikia zaidi siyo la chanjo wala la chakula. Ni hili: "Afisa, nikitaka kufunga mfumo wa joto na wa kupoza kwenye banda la kuku mia tatu, niandae shilingi ngapi?" Wengine wameshapewa makadirio na mafundi, yana hita, kiyoyozi, paneli za sola, kila kitu, na wanataka kuyaambatanisha kwenye maombi ya mkopo wa vijana wa halmashauri. Kabla hujaweka sahihi, kaa na kalamu dakika kumi.

Tuanze na kuku mwenyewe, kwa sababu yeye naye ni hita. Kifaranga wa gramu 50 hutoa joto la kama wati 1 tu. Kuku wa nyama akifika kilo 2 anatoa karibu wati 18. Sasa zidisha kwa mia tatu. Siku ya kwanza vifaranga wako wote kwa pamoja hawafiki joto la balbu mbili za wati 250. Siku ya kuuza, kuku walewale wanatoa zaidi ya wati 5,000 ndani ya banda lilelile. Kwa hiyo ndani ya wiki tano au sita tatizo lako linageuka kabisa: ulikuwa unatafuta joto, sasa unatafuta pa kulitupa. Fundi anayekuuzia hita kubwa ya kudumu anakuuzia kifaa cha wiki tatu.

Na kiyoyozi je? Kile kidogo cha ukutani, cha chumba cha kulala, kinaondoa joto la kama wati 3,500. Kuku wako wanazalisha 5,000, hapo hujahesabu bati linalopigwa na jua. Kiukweli sahau.

Jambo la pili, usinakili mfumo wa rafiki yako wa Kigoma mjini. Kule ziwani wako kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, sisi huku juu tumepita mita 1,000. Usiku wa Juni na Julai, anga likiwa wazi bila wingu, joto lote linapanda juu kupitia bati. Mchana wa siku hiyohiyo jua linachoma. Tuna baridi na joto ndani ya saa 24, na hapo ndipo fedha za vijana wengi zinapopotelea.

Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35 pale alipo. Baada ya hapo unashusha nyuzi mbili au tatu kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Tuchukue chumba cha kulelea cha mita 4 kwa 4, bati tupu juu, nje nyuzi 15, na ndani hewa ya chumba umeifikisha 30. Bati tupu la eneo hilo linavujisha karibu wati 1,400 muda wote. Hizo ni balbu karibu sita za wati 250 zinazopasha mawingu. Ukishona viroba vya sandarusi ukavitandaza kama dari, ukaacha nafasi ya hewa kati yake na bati, uvujaji huo unapungua kwa nusu hivi. Viroba unavyo, vya chakula cha kuku. Gharama ni uzi, misumari na mchana mmoja wa kazi. Angalia tu visining'inie karibu na balbu wala jiko, maana sandarusi inashika moto haraka.

Kwa hiyo makadirio yako yaanzie kwenye kuzuia joto lisitoke. Dari ya viroba. Matandiko ya maranda ya mbao au pumba za mpunga, unene wa sentimita 7 hadi 10, sakafu ya saruji isimnyonye kifaranga joto la tumboni. Duara la hadibodi au mabati ya zamani, urefu wa goti, ili upepo wa chini usiwapige. Na mapazia ya turubai ambayo umeyafunga chini na kuyafungua kutokea juu. Hili la mapazia wengi wanalifanya kinyume. Pazia likifunguliwa kutokea chini, baridi inaingia moja kwa moja kwenye migongo ya vifaranga.

Ukimaliza hayo ndiyo uje kwenye chanzo cha joto.

Tangu gridi ya Taifa ifike kwetu mwaka 2022 na majenereta ya dizeli kuzimwa, umeme umekuwa jibu la kwanza la vijana. Ni jibu zuri ukijua bei yake. Kundi la T1 ni shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, ya REA 3 na ya EWURA 1 inafika kama 356. Vifaranga 300 kwa baridi yetu nawapa balbu nne za wati 250, yaani moja kwa vifaranga 75. Hiyo ni kilowati 1. Wiki ya kwanza ziwake saa 18 kwa siku: uniti 126. Wiki ya pili saa 12: uniti 84. Wiki ya tatu balbu mbili, saa 8: uniti 28. Jumla uniti 238, sawa na shilingi 84,700 hivi, karibu 282 kwa kila kifaranga. Ukizuia joto vizuri ukabaki na balbu tatu badala ya nne, na wiki ya tatu ukapunguza saa, unaokoa zaidi ya shilingi 20,000 kwa kila kundi. Fuga makundi matano kwa mwaka uone dari ya viroba imelipa nini.

Kuna mtego hapo kwenye LUKU. Kama mita ni ya nyumbani na uko kwenye kundi la D1, uniti 75 za kwanza za mwezi unalipia 100 kabla ya kodi na tozo, lakini zinazozidi unalipia 350. Ukiendelea kuzidi unahamishwa kundi, na hapo hata taa ya mama jikoni inapanda bei. Soma risiti yako ujue uko wapi kabla hujatundika balbu. Wengine wanaona bora banda liwe na mita yake, na mimi nawaunga mkono kama unafuga mwaka mzima.

Balbu hizi zina joto kali. Holda iwe ya kauri, ya plastiki itayeyuka. Tundika kwa mnyororo au waya wa chuma, usitundike kwa waya wake wa umeme. Ikidondoka kwenye maranda banda linaondoka na kuku. Anza na sentimita 45 kutoka sakafuni, kisha pandisha kadiri wanavyokua.

Mkaa sasa. Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati ya kama uniti 8 za umeme. Uniti 8 kwa bei ya T1 ni shilingi 2,850. Hata ukisema nusu ya joto inapotea kwenye hewa unayolazimika kuifungulia, bado mkaa unashindana na umeme mpaka ukifika shilingi 1,400 kwa kilo. Kwa hiyo kwenye karatasi mkaa unashinda, sitakudanganya. Ila nunua kwa kupima kilo, gunia ni jina tu, lumbesa moja siyo sawa na nyingine.

Tatizo la mkaa haliko kwenye karatasi. Jiko linalowaka ndani ya chumba kilichozibwa linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kabonimonoksaidi. Vifaranga wanalala kama wamesinzia na hawaamki. Na vijana mnalala bandani mkilinda joto! Huyo anayelala pembeni ya chungu cha mkaa, mapazia yameshushwa yote, yuko kwenye hatari ileile ya kifaranga. Nawaomba kabisa: hakuna kulala humo, na juu ya pazia pawe wazi hata usiku wa baridi.

Njia ninayoipenda zaidi kwa huku ni jiko la bomba. Mdomo wa moto unakaa nje ya ukuta, bomba la chuma linapita ndani ya chumba likipanda kidogokidogo, moshi unatokea upande wa pili nje. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda kwa pipa la zamani, na tanuri unalijengea matofali ya kuchoma ambayo kwetu hayana shida. Unaweza kutumia hata magunzi ya mahindi. Joto linabaki ndani, sumu inabaki nje, na LUKU ikiisha saa nane usiku hufi moyo. Balbu zikae kwa ajili ya wiki ya kwanza.

Sola kwa joto, hapana. Kilowati 1 kwa saa 12 za usiku ni uniti 12. Betri ya kawaida ya asidi, volti 12 na ampea 100, usipotaka kuiua unaitumia nusu, yaani uniti 0.6. Utahitaji betri ishirini. Sola iwashe mwanga na feni, inatosha.

Feni yenyewe haina makuu: wati 100 kwa saa 6 za mchana ni kama shilingi 214 kwa siku. Lakini kupoza kwingi kunaamuliwa siku ya kupima msingi, na hakuna anayekutoza. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na jioni lipige kuta fupi. Upana usizidi mita 8 au 9, hewa ipenye. Halafu kitu ambacho ramani za kutoka Ulaya hazikwambii: kwetu kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, yaani kiangazi chote. Upenu wa kaskazini ndio uwe mrefu. Chokaa nyeupe juu ya bati inasaidia sana mwezi wa nane na wa tisa. Mvua za Oktoba zikiiosha, kazi yake imeshaisha.

Kwenye maombi ya mkopo basi, andika: turubai, balbu na holda za kauri, jiko la bomba, feni mbili, vipimajoto viwili. Kiyoyozi kifute. Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga. Ukikitundika usawa wa macho yako kitakusomea joto la kichwa chako.

Halafu amka saa tisa usiku uwaangalie wenyewe. Wamerundikana chini ya balbu, wana baridi. Wamekimbilia pembeni midomo wazi, punguza. Wamejibana upande mmoja, tafuta tundu la upepo upande wa pili. Shika miguu miwili mitatu uiweke shavuni: ikiwa ya baridi, ongeza moto sasa hivi, usingoje kipimajoto kikubaliane na wewe.