Namna ya kulinganisha nguvu ya maji

Ninyi munaolima karibu na migodi, mara nyingi munabishana: maji ya chemchemi hii ni mengi, ao yale ya kijito kile? Mutu mumoja anasema litri kwa dakika, mwingine mapipa, na kalani wa mugodi anasema meta kubi kwa saa. Hesabu hizi hazilingani mpaka zote ziwe za kipimo kimoja. Mukikosa hapo, mutachimba mufereji mwezi muzima kwa maji yasiyotosha, na mboga zitakauka.

Kamata ndoo ya litri 10 na saa yenye mushale wa segonde. Ziba chemchemi kwa udongo, maji yote yapite katika kipande cha bomba, kisha kinga. Fanya mara tatu, maana mara ya kwanza mukono huchelewa. Tuseme ndoo inajaa kwa segonde 25. Zidisha litri 10 kwa 60, gawanya kwa 25: unapata litri 24 kwa dakika.

Maji ya pili yanajaza pipa la litri 200 kwa dakika 10. Pipa linatisha macho, lakini ni litri 20 tu kwa dakika. Bomba la mugodi linatoa meta kubi 1 kwa saa, ni kusema litri 1,000. Gawanya kwa 60, hazifiki 17. Basi chemchemi ya ndoo ndogo inashinda. (Tena maji ya mugodi, hata yakiwa mengi, musiyanywe wala kumwagia mboga mbele wenye kujua hawajayapima: yanaweza kuwa na sumu ya madini.)

Pimeni mwisho wa kiangazi, mwezi wa 9, mbele ya mvua. Maji ya mwezi wa 2 yanadanganya.

Sasa bustani. Wakati wa jua kali, meta moja ya mraba ya mboga inataka karibu litri 5 kila siku. Chemchemi yetu inatoa litri 1,440 kwa saa. Ukimwagia saa 4 tu, una litri 5,760, zinatosha meta za mraba 1,152. Lakini usiku kucha maji yanapita bure. Chimba shimo, ulipige udongo wa mufinyanzi chini na pembeni: saa 10 za usiku zitakuwekea litri 14,400 nyingine.