Bwawa ni lako, roho ni za jirani

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji yakawa uhai wa viumbe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ikiwa imebaki wiki moja hivi kuingia Ramadhani, tuta la bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, lilipasuka. Lilikuwa bwawa la udongo, mali ya mtu binafsi, lililojengwa mlimani kwa ajili ya shamba. Mvua za masika zilikuwa nyingi. Maji yaliwafuata watu majumbani mwao, na zaidi ya 40 wakafariki, wakiwemo wanawake na watoto. Maofisa wa maji wa nchi hiyo walieleza kuwa bwawa hilo halikuwa na kibali.

Msiba huu si mgeni katika historia. Qur'ani Tukufu, katika Surat Sabaa, inatusimulia watu wa Sabaa, waliojaaliwa mabustani kuume na kushoto. Walipokufuru neema, mafuriko ya bwawa yakawaondolea yote. Bwawa hilo la Maarib, nchini Yemen, nalo lilikuwa na tuta la udongo na mawe, na lilihitaji kutengenezwa mara kwa mara. Hata Abraha, yule wa kisa cha ndovu, aliacha maandishi juu ya jiwe kuwa alilitengeneza, mnamo mwaka 548 Miladia. Kushukuru neema, basi, ni pamoja na kuitunza.

Sisi wa Pemba twaishi baina ya vilima na mabonde. Aliye juu akizuia maji apate kumwagilia mboga zake, aliye bondeni ana mpunga, nyumba na watoto. Tuta la udongo huvunjika kwa sababu zinazojulikana: maji kupita juu yake kwa kukosa utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, maji kupenya ndani na kulila kidogo kidogo, mashimo ya panya, na mizizi ya miti iliyoachwa ikamea juu yake. Maji yakianza kuvuja nyuma ya tuta yakiwa na rangi ya udongo, hiyo ni dalili ya hatari, wala si ya kungojewa kesho.

Atakayesema, "Ni mali yangu," na aikumbuke hadithi ya jahazi aliyoipokea Nuuman bin Bashir (R.A.). Waliokuwa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Nia yao ilikuwa njema, na sehemu ilikuwa yao. Lakini bahari haikuwa yao.

Wanavyuoni wamelizungumza suala la ukuta ulioinama njiani, wakakhitalifiana katika baadhi ya vipengele. Mahanafi wamesema kuwa mwenyewe akishaonywa, akawa na uwezo na muda wa kuuondoa, asifanye, basi ukianguka hudhamini ulichoharibu. Tuta linalovuja lina tofauti gani na ukuta huo?

Hapa ndipo penye maradhi yetu: muhali. Jirani huona ufa, akanyamaza asije akaambiwa ana husuda. Na mwenye bwawa akifariki, warithi hugombania maji, lakini hakuna anayegombania jembe la kufyekea tuta. Kuonya ni haki ya jirani, na kuonywa si kutukanwa.

Basi kabla ya masika, mwenye bwawa na alizunguke tuta lake, azibue utoro, ang'oe miche, awaite wataalamu wa maji na ashike ushauri wao. Wazazi nao wawakataze watoto kuogelea humo. Hayo yakishafanywa, ndipo tuseme tumetawakali; kwani Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua za kheri, na asitujaalie kuwa sababu ya kilio cha jirani. Amin.