Neno 'kafiri' na safari zake: tunawaitaje majirani zetu?

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuyatia katika mizani baadhi ya maneno tunayoyatamka majumbani mwetu bila ya kuyafikiri. Yako maneno ambayo kubadilika kwake huleta kicheko tu. Mkenya akisema "bibi yangu" huwa anamkusudia mkewe, na Mtanzania wa bara humdhania anamtaja mama wa mzazi wake. Hilo halina madhara. Yako mengine hujeruhi.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 104, walioamini walikatazwa kumwambia Mtume (SAW) "raa'ina", wakaamrishwa waseme "undhurna". Wanachuoni wa tafsiri wanatueleza kwamba Masahaba walilitumia neno la kwanza kwa nia njema kabisa, wakimwomba awachunge na awape muda ili wafahamu anayowafundisha. Lakini walikuwapo Madina watu waliolipindisha kwa ndimi zao likaleta maana ya kejeli. Nia ya Masahaba haikuwa na kasoro yoyote, na juu ya hivyo neno liliachwa. Tuizingatie sana nukta hii, kwani wengi wetu tukionywa hukimbilia kusema kwamba hatukukusudia ubaya.

Sasa tulitazame neno "kafiri". Asili yake katika Kiarabu ni kufunika, na ndiyo maana katika Surat al-Hadid, aya ya 20, wafasiri wengi wameeleza kwamba "kuffar" waliotajwa pale ni wakulima, kwa kuwa huifunika mbegu kwa udongo. Katika istilahi ya dini likawa ni jina la anayeifunika haki. Wafanyabiashara Waislamu wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa wenyeji wa Afrika wasiokuwa Waislamu. Wareno walipofika wakalichukua, kisha Waholanzi na Waingereza. Kule Afrika Kusini halikubaki tena na maana ya imani. Likawa ni tusi la rangi, hata Muislamu mweusi mwenye kusali swala tano aliweza kuitwa hivyo na mzungu. Mwaka 2018 mahakama moja ya Johannesburg ilimhukumu mwanamke kifungo cha miaka mitatu, mmoja ukiwa umeahirishwa, kwa kuwatukana askari polisi weusi kwa neno hilo.

Ajabu ni kwamba huko Sri Lanka ipo jamii ndogo ya watu wenye asili ya Afrika ambao hujiita kwa jina hilohilo bila ya kuona aibu. Na nchini Afghanistan lilikuwapo eneo likiitwa Kafiristan. Wenyeji wake waliposilimu baada ya kutekwa na Amiri Abdur Rahman mwaka 1896, eneo likapewa jina la Nuristan, yaani nchi ya nuru.

Sisi hatusemi kwamba neno hilo lifutwe vitabuni. Katika elimu ya itikadi lina mahali pake na hukumu zake, na si la mtu kulichezea. Tunalolikemea ni mtoto kumwita mwenzake kafiri kwa sababu ya kugombania mpira, au mama kusema "yule kafiri" akimkusudia jirani ambaye ndiye aliyemshika mkono usiku wa uchungu akamfikisha hospitali. Jirani huyo ana jina, na haki zake kwetu ziko palepale. Mwaka 2019 wanachuoni wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Kiislamu ya Indonesia, walishauri kwamba wananchi wasiokuwa Waislamu wasiitwe kwa neno hilo katika maisha ya kiraia, bali waitwe raia. Wapo waliowapinga. Kwetu sisi ushauri huo una uzito, hasa katika miji yetu ambayo nyumba moja ya kupanga hukusanya dini mbili na tatu.

Na hata miongoni mwetu wenyewe yamo ya kusafisha. Neno "zeruzeru" lilikuwa la kawaida katika vinywa vya wazee wetu. Baada ya mauaji yaliyoitikisa Tanzania kuanzia miaka ya 2000, ambapo viungo vya binadamu vilitafutwa kwa ushirikina, neno hilo limebeba hofu ambayo mzazi wa mtoto mwenye ualbino anaijua zaidi kuliko sisi.

Vilevile watumishi wa nyumbani. Mtume (SAW) aliwakataza mabwana kusema "mtumwa wangu" na "mjakazi wangu", akawafundisha waseme "kijana wangu" na "binti yangu", na hayo yalikuwa kwa watu waliokuwa wakimilikiwa kweli. Leo mtu huru aliyeajiriwa huitwa "boi", neno la wakoloni, hata akiwa na wajukuu, na watoto wa nyumba humwita hivyohivyo mbele ya wageni. Tukirejea kutoka msikitini mchana huu, tuwaulize watoto wetu kama wanalijua jina la anayewapikia.