Kutambuliwa bila Kusimamiwa: Sera ya Lugha za Jamii na Hali ya Kisukuma na Kisumbwa katika Mikoa ya Shinyanga na Geita

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ndiyo waraka wa serikali ya Tanzania unaozungumzia lugha za jamii kwa uwazi. Sera hiyo inazitambua kuwa hazina ya historia, mila na maarifa ya wananchi, na inahimiza watu binafsi na taasisi kuzitafiti, kuziandikia kamusi na vitabu vya sarufi, na kuzihifadhi. Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo baina ya kuitambua lugha na kuwajibika kuihifadhi.

Kiswahili kina chombo chake cha kisheria, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Lugha za jamii hazina chombo cha namna hiyo. Aidha, elimu ya msingi ya umma hutolewa kwa Kiswahili, na lugha hizo hazimo katika masomo yanayofundishwa. Kwa hiyo, kazi ambayo sera inaihimiza haina mtekelezaji aliyeteuliwa.

Athari za pengo hilo hazilingani kwa lugha zote. Kisukuma, lugha ya jamii yenye wazungumzaji wengi zaidi nchini, hulindwa na wingi wa watu wake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kumbukumbu za utamaduni wake imetunzwa na Kanisa Katoliki kupitia makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza.

Hali ya Kisumbwa ni tofauti. Lugha hii huzungumzwa Kahama, mkoani Shinyanga, na Bukombe, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Kisumbwa kinabanwa pande mbili. Kwa upande mmoja, Wasukuma wengi wamehamia magharibi wakitafuta ardhi ya kilimo na malisho. Kwa upande wa pili, dhahabu imewakusanya watu wa makabila mengi. Wachimbaji wanaoshirikiana duara moja, wanunuzi wa mawe na mama lishe huelewana kwa Kiswahili. Mtoto anayekulia katika mazingira hayo anaweza kumwelewa bibi yake anapozungumza Kisumbwa, lakini akamjibu kwa Kiswahili.

Mwaka 2008, Kulikoyela Kahigi alichapisha msamiati wa Kisumbwa, Kiswahili na Kiingereza chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hiyo imeokoa maneno mengi. Hata hivyo, kamusi huhifadhi msamiati tu. Haiwezi kumrithisha mtoto mazungumzo.

Mfano wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada, unatoa funzo. Sheria ya mwaka 2008 iliwapa Wainuiti haki ya kuelimishwa kwa lugha yao na kuunda chombo cha kuisimamia. Walimu wanaoimudu lugha hiyo walikuwa wachache, na mwaka 2020 utekelezaji ulisogezwa hadi 2039. Sheria pekee haikutosha. Hata hivyo, iliwapa wananchi msingi wa kuidai serikali.

Msumbwa wa Bukombe hana msingi huo. Sera inamhimiza aithamini lugha yake, lakini haimtaji anayepaswa kumsaidia kuirithisha. Hatua ya kwanza, basi, ni kuikabidhi kazi hiyo kwa taasisi mahususi, yenye bajeti na wajibu wa kutoa taarifa, ikianza na lugha ndogo ambazo wazungumzaji wake wazee bado wapo.