SHA kwa Nyumba Iliyo na Mgonjwa wa Muda Mrefu: Tuchague Nini?



Katika vikundi vya Thika na Ruiru kuna swali moja ambalo haliishi: "SHA gani ni nzuri kwa mtu ambaye ni mgonjwa kila wakati?" Anayeuliza huwa na mtoto mwenye ulemavu nyumbani, au mzee wa kusafishwa damu kwa mashine, au mama anayetibiwa kansa. Anataka kuchagua bima vile mkulima anachagua mbegu dukani.

Jibu ni kwamba hakuna SHA ya wagonjwa na nyingine ya wazima. Ni moja kwa wote. Hata hivyo, kuna mambo ambayo kila nyumba inachagua yenyewe: nani ataandikwa chini ya nani, mchango utalipwa lini na mgonjwa atatibiwa wapi. Nyumba isipoyapanga haya mapema, inaweza kuuza shamba na huku imesajiliwa.

Mifuko mitatu

SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilianza kazi Oktoba 1, 2024, ikachukua mahali pa NHIF iliyokuwako tangu 1966. Sheria yake ni ya 2023. Tuifikirie kama koti moja lenye mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi. Unalipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Serikali ndiyo huuweka pesa. Wewe unatakiwa kujisajili tu, hata kama hujalipa mchango.

Mfuko wa pili ni wa bima yenyewe, SHIF. Huu ndio unaojazwa na michango yetu, na ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafishwa damu na matibabu ya kansa. Usipolipa, haufunguki.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mazito. Serikali huujaza, na kwa magonjwa kama kansa unaanza kulipa pale kiwango cha mfuko wa pili kinapokwisha.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anatibiwa malaria bure kwenye zahanati, anarudi nyumbani akisema, "SHA yangu iko sawa." Siku mzee analazwa, anaambiwa mchango haujalipwa. Kusajiliwa ni jambo moja, kulipa ni jambo lingine.

Nani aandikwe chini ya nani

Mchango mmoja hulinda nyumba moja: mchangiaji, mume au mke wake, na watoto wanaomtegemea. Mtu mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kabisa na kuishi naye anaweza kuandikwa hapo hata akiwa amepita umri wa utoto. Mzazi mwenye kijana wa miaka 30 asiyeweza kujifanyia kazi asidhani ameachwa nje. Aulize, na amwandikishe.

Mama yako na baba yako si sehemu ya nyumba yako kwa hesabu ya SHA. Hata kama mnakula chungu kimoja, wao wajisajili wenyewe na walipiwe mchango wao. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu wagonjwa wengi wa sukari na presha ni hao wazee wetu.

Mwenye ulemavu pia aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwanza anachunguzwa na madaktari katika hospitali ya serikali inayofanya kazi hiyo, kisha fomu inapelekwa kwa Baraza. Kadi ile si bima. Ni ushahidi, na ushahidi husaidia wakati majina ya watu wa kusaidiwa yanapoandikwa.

Mchango ni kiasi gani?

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Sisi wa shamba, soko na jua kali tunaulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yetu, kwa mfano paa ni la nini na maji yanatoka wapi, kisha tunapimiwa kiasi. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Usajili unafanywa kwa simu kupitia *147#, au mhudumu wa afya wa jamii anaweza kukusaidia. Jibu maswali kwa ukweli. Lakini pia usikubali mtu akujazie majibu kwa haraka bila kukuuliza, maana ni wewe utakayelipa.

Tuangalie sasa faida yake. Bei ya SHA iliyotangazwa 2024 ya kusafisha damu ni shilingi 10,650 kwa mara moja. Mgonjwa wa mara 2 kwa wiki anatumia 21,300 kwa wiki, na kwa mwaka inapita milioni moja. Hakuna harambee ya kijiji inayoweza kubeba mzigo huo mwaka baada ya mwaka. Kwa kansa, viwango vya wakati huo vilikuwa 400,000 kwa nyumba kwa mwaka kutoka mfuko wa pili, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa tatu. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hivyo uliza hospitalini vya mwaka huu ni vipi.

Asiyeweza kabisa kulipa, sheria inasema Serikali imlipie. Oktoba 2025 mpango wa kulipia watu wapatao milioni 2.2 ulizinduliwa. Kikundi kijue ni nani kijijini anastahili, na kimfikishe kwa chifu na kwa mhudumu wa afya mapema. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kujitafutia.

Chagua hospitali kabla ya kuugua

Ugonjwa mdogo upelekwe karibu, kwenye zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo mtu anaweza kupewa barua ya kwenda juu: hospitali ya Ruiru, Thika Level 5, au Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kando ya Northern Bypass, ambayo ni ya ngazi ya 6 na ina kituo cha kansa.

Kwa mgonjwa wa muda mrefu, jina kubwa la hospitali si yote. SHA hailipi nauli ya matatu. Anayesafishwa damu mara 2 kwa wiki anafunga safari 104 kwa mwaka. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, naye ana mtu wa kumsindikiza. Hiyo ni 41,600, zaidi ya mara kumi ya ule mchango wa 3,600.

Kabla ya kuamua, nenda hospitalini ukaulize haya:

1. Je, mna mkataba na SHA kwa huduma hii ninayotaka, si kwa kulaza wagonjwa tu?
2. Je, mashine na dawa ziko, au nitatumwa kununua nje?
3. Je, matibabu haya yanahitaji idhini ya SHA kwanza, na nani anaiomba?
4. Nikimaliza kiwango cha mwaka, nitadaiwa nini?

Usitegemee habari ya mwaka jana. Mwaka 2025 baadhi ya vituo vilisimamishwa kwa madai ya udanganyifu, na hospitali nyingi za binafsi zililalamika kuwa hazijalipwa madeni. Uwe na hospitali ya pili akilini.

Dharura ni jambo tofauti. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mfikishe mgonjwa kwanza, maswali yafuate.

Kikundi kinaweza kufanya nini

Shida kubwa ya mwananchi wa kawaida si zile 300, ni kuzipata 3,600 kwa siku moja. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu anakopeshwa mchango wa mwaka na kulipa kidogo kidogo. Ni sawa, ila ni mkopo, basi soma masharti yake.

Chama pia kina njia. Watu 12 wakichanga shilingi 300 kila mwezi, wanapata 3,600. Kila mwezi nyumba moja inalipiwa mwaka mzima, na kwa miezi 12 wote wamelipiwa. Aliyepimiwa zaidi aongeze yake. Pesa zilipwe mbele ya wanachama na ujumbe wa simu usomwe, zisipewe mtu mkononi.

Ila tusipige kura ya nani aanze. Nyumba yenye mgonjwa ianze, na mwaka ujao ilipiwe kabla tarehe yake haijaisha, kwa sababu mwezi mmoja bila bima kwa mtu wa mashine ni wiki nne za kulipa mwenyewe. Walio nyuma kwenye foleni nao wana hatari yao, maana ajali haingoji zamu. Wakiweza, wachange mara mbili wamalize kwa miezi 6.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nyumba ngapi kati yetu zimesajiliwa lakini hazijalipa?
2. Ni wazee gani tunadhani wameandikwa chini ya watoto wao, kumbe sivyo?
3. Nani kijijini ana ulemavu na bado hana kadi ya Baraza?
4. Bima ya kila mgonjwa wetu inaisha tarehe gani, na nani ameiandika kwenye kitabu cha kikundi?

Anzeni na swali la nne. Mwandishi wa kikundi na atoe kalamu.