Lord Shaftesbury, mkubwa aliyesemea watoto wa kazi

Kuna wanafunzi waliotuuliza kama wakubwa wa Ulaya walipata kusumbuka juu ya watoto wa maskini. Tunajibu kwa mtu mmoja tu: Anthony Ashley Cooper, aliyezaliwa London mwaka wa 1801.

Nyumba yao ilikuwa ya utajiri, lakini baridi. Baba na mama hawakumjali. Aliyemfundisha kuomba na kusoma Biblia ni mtumishi wa nyumba, mama Maria Millis. Alipokufa alimwachia saa yake ya mfukoni, na kijana akaitunza maisha yake yote. Kumbe msingi wa yule bwana mkubwa uliwekwa na mfanyakazi!

Mwaka wa 1826 akaingia Bunge. Wakati ule viwanda na migodi ya Uingereza ilikula watoto. Mwaka wa 1842 ripoti moja ilitoka, yenye picha za kuchorwa. Watu wakaona watoto wanavuta magari ya makaa ya mawe chini ya udongo, mukaba kiunoni na munyororo katikati ya miguu, wanatambaa kama nyama. Wengine, wa miaka sita hivi, walikaa gizani siku nzima, kazi yao kufungua na kufunga mlango. Picha zile zilifanya kazi kuliko hotuba. Mwaka uleule sheria ikakataza wanawake na wasichana wote kufanya kazi chini ya udongo. Kwa wavulana yeye aliomba miaka 13, lakini wakubwa wenzake, na kati yao wenye migodi, wakapunguza mpaka 10.

Juu ya viwanda vya nguo mambo haikuwa mepesi. Alipigania saa kumi kwa siku miaka mingi. Halafu, mwaka wa 1846, akaacha kiti chake mwenyewe. Juu ya nini? Waliomchagua walitaka atetee kodi ya ngano iliyotoka inchi za nje, naye alikuwa amebadili mawazo; akaona si haki kukalia kiti chao. Basi sheria ya saa kumi ilipopita mwaka wa 1847, yeye alikuwa nje! John Fielden, mwenye kiwanda, ndiye aliyeimaliza. Sisi tunaona hapo ndipo alionyesha utu wake zaidi.

Tusimfanye malaika. Hakupenda wafanyakazi wapewe kura, na mwaka wa 1867 aliipinga sheria iliyowaongezea. Hata katika mashamba ya baba yake vibanda vya wafanyakazi vilikuwa vibaya, na adui zake walimchekelea juu ya hiyo. Alipoyarithi mwaka wa 1851 alianza kujenga nyumba nzuri, ijapokuwa madeni yalimbana.

Watoto waliopanda ndani ya bomba za moshi kuzisafisha walingoja zaidi. Sheria kadhaa zilipita, watu wakazidharau. Ni ile ya mwaka wa 1875 tu iliyoshika, kwa sababu kila msafishaji alipaswa kuwa na ruhusa ya polisi.

Alikufa mwaka wa 1885. Walitaka kumzika Westminster Abbey pamoja na wakubwa. Alikuwa amekataa mbele, akazikwa kijijini kwao. Mwaka wa 1893 walimjengea chemchemi katikati ya London, pale Piccadilly Circus, na juu yake sanamu ya kijana mwenye mabawa na upinde. Wageni wengi wanaipiga picha, wanafikiri ni ya wapenzi.